Mashine inazima katikati ya mkondo: nanga kwanza au spana kwanza?

#1 NgamaKavu

Salaam wakuu.

Boti ni faiba ya futi 23, mashine ya HP 40 ya kuchanganya oili, tangi la lita 24 la kubebeka. Njia ni Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Ikitoka mdomo wa delta ya Rufiji inakwenda vizuri kabisa, lakini ikishafunguliwa moto wote (kasi yote) kwa dakika kumi na tano au ishirini inaanza kuishiwa nguvu, inashuka polepole, kisha inazima. Ikipumzika dakika kumi inawaka kwa mvuto mmoja au miwili kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu inarudia vile vile.

Maswali mawili. La kwanza, chanzo ni nini? La pili ndilo linaloleta ubishi kwenye kikundi chetu: mashine imezima kule nje, kusi (upepo wa kusini) kinavuma, abiria wanatazamana. Nahodha aguse nini kwanza? Msimamo wangu ni nanga chini ndani ya dakika ya kwanza, kofia ya mashine ifunguliwe baadaye. Wenzangu wanasema spana kwanza. Karibuni.

#2 FundiKofia

Mkuu, kabla hujafungua chochote, angalia kizibo cha tangi. Kina skrubu ndogo ya kupumulia. Ikiwa imefungwa, au tundu lake limeziba kwa chumvi na vumbi, mashine inanyonya mafuta lakini hewa haiingii kujaza nafasi. Tangi linajivuta ndani, mwisho pampu ya mashine inashindwa kuvuta. Kwa moto wote inachukua dakika kumi hadi ishirini, yaani hizo hizo zako. Ukiiacha, hewa inapenya kidogo kidogo, mashine inawaka. Ishara ni mbili: pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta inakuwa bapa, na ukilegeza kizibo unasikia hewa ikiingia kwa nguvu.

Pampu hiyo hiyo inakueleza mengi. Ikiwa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi: kizibo, chujio la ndani ya tangi, au mpira uliokunjwa na mtu aliyekalia. Ikiwa laini na haikazi hata ukibonyeza mara thelathini, kuna mahali panapovuta hewa, mara nyingi ule mpira mwembamba wa duara kwenye kiungo cha kuchomeka. Ikikaza na kubaki ngumu huku mashine imekufa, ondoka upande wa tangi, tafuta mbele zaidi. Na hakikisha mshale uliochorwa juu yake unaelekea kwenye mashine. Watu wanabadilisha mpira wanaufunga kinyume.

Hili halihitaji spana wala nanga. Ni sekunde kumi.

#3 Nyanza_Kaskazi

Nanga ndani ya dakika ya kwanza? Huku Ziwa Victoria ukisema hivyo watu watakushangaa. Wastani wa kina ni kama mita 40, pakubwa ni kama mita 80. Boti ndogo zinabeba kamba ya mita 30 au 40. Unatupa chuma kinaning'inia tu.

Kinachokuokoa ni nanga ya maji. Chukua ndoo mbili imara, au turubai la mita mbili kwa mbili lililofungwa kamba kwenye pembe zote nne na kitu kizito pembe za chini. Unganisha na kamba ya mita 20 hadi 30, ishikize omo (mbele ya boti), tupa. Inajaa maji, inaburuta, boti inageuza uso kutazama mawimbi. Boti isiyo na mashine hulala ubavu kwa mawimbi yenyewe, na ubavu ndio unaopindua. Kazi ya kwanza ni kuugeuza uso wake, chochote utakachotumia.

Ndoo usiifunge kwa mkono wake wa waya, unang'oka kwenye mvuto wa tatu. Toboa matundu matatu chini ya ukingo, pitisha kamba.

#4 Kojani_Mmoja

#3 umepima maji ya dunia nzima kwa ziwa lako. Mkondo wa Mafia si wa kina kirefu, una mafungu kila upande, na kwa kusi boti inasukumwa kaskazini magharibi, kurudi kwenye mafungu ya delta ambako mawimbi yanavunjika. Pale nanga inafanya kazi na inahitajika mapema, kabla hujafika penye maji ya magoti na mawimbi ya kifua.

Mkondo wa Pemba ni habari nyingine kabisa. Kina ni mamia ya mita, na mkondo wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ndio unakaza zaidi. Boti iliyozima hapo inaelekea maji ya Kenya, na hakuna kamba itakayogusa chini. Pale #3 yuko sahihi, nanga ya maji, lakini ujue inakupunguzia mwendo wa upepo tu. Mkondo wenyewe unakwenda nao.

Kwa hiyo jibu la swali la pili linategemea kilicho demani mwako, yaani upande ambao upepo unakupeleka. Kama ni mwamba au fungu, nanga kwanza. Kama ni bahari tupu, una muda wa kutazama mashine, na nanga ya maji iende wakati unatazama.

Nyongeza tatu kwa wote. Kamba ya nanga iwe angalau mara tatu ya kina hali ikiwa shwari, mara tano hadi saba ikichafuka. Mita nne za mnyororo kati ya nanga na kamba zinasaidia kuliko kuongeza uzito wa nanga. Na mwisho wa kamba ufungwe chomboni kabla ya safari, kwa sababu nanga nyingi zilizo chini ya bahari zimetupwa na kamba yote.

#5 Kojani_Mmoja

Nimesahau kubwa: nanga inafungwa OMO. Usiifunge tezi (nyuma ya boti) hata kama ndiko uliko umesimama. Tezi ina mashine, iko chini, ubao wake umekatwa kwa ajili ya mashine. Ukifunga hapo, wimbi linaingia moja kwa moja na la pili halisubiri ulifue la kwanza.

#6 Koili_na_Plagi

Mnaongea nanga, wakati dalili alizotoa ni za koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi. Koili ikipata joto waya wa ndani unaachana, moto wa plagi unapotea. Ikipoa unarudi. Dakika kumi za kupumzika, inawaka mvuto mmoja. Hiyo ndiyo sura yake.

Na hapa ndipo ninapopingana na NgamaKavu kwa dhati. Ushahidi upo dakika mbili za kwanza tu. Ukitumia dakika kumi kushusha nanga na kufunga kamba, mashine imepoa, ukipima moto upo, unaondoka na ugonjwa wako. Mara tu inapozima: zima mtiririko wa mafuta, pepea mvuke wa petroli chini ya kofia, toa plagi moja, irudishe kwenye kofia yake, gusisha uzi wake kwenye chuma cha mashine MBALI na tundu la plagi, mtu avute kamba. Moto wa bluu unaolia, koili ni nzima. Hakuna au ni wa rangi ya chungwa, dhaifu, umeipata.

Kipima moto cha kuchomeka kati ya plagi na kofia yake ni kifaa kidogo cha bei ndogo. Ukiwa nacho hutoi plagi, na hakuna mvuke unaokutana na cheche.

#7 FundiKofia

#6 koili haishuki polepole. Koili inakata, tap. Au mashine inaanza kurukaruka kwa silinda moja. Mtoa uzi kasema "inaanza kuishiwa nguvu, inashuka polepole". Hayo ni mafuta.

Kuna kipimo kisichohitaji kusimama kabisa. Inapoanza kushuka, mtu mmoja aikamate pampu ya mkono abonyeze mfululizo. Mashine ikifufuka, tatizo ni mafuta kufika. Isipofufuka hata kidogo, nenda kwenye moto wa plagi au joto. Huo ndio mgawanyo wa kwanza wa fundi yeyote, na unafanyika huku boti inatembea, hakuna ugomvi wa nanga.

#8 Koili_na_Plagi

Mashine za silinda mbili ambazo koili ni moja kwa kila silinda, ikifa moja unabaki na nguvu nusu. Abiria na hata nahodha wanaiona kama "inashuka". Kwa hiyo neno "polepole" halitoshi kumfukuza mgonjwa wangu.

#9 ChumviNyeupe

Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza maji ya kupoza. Mkuu NgamaKavu, ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ulikuwaje wakati inaanza kushuka? Ulikuwa na nguvu, umepungua, au unatoa mvuke?

Mashine ya kuchanganya oili ikipata joto kupita kiasi pistoni inavimba, inakaza ukutani, nguvu inashuka polepole (sawasawa na maneno yako), inazima. Ikipoa inalegea, inawaka. Kila mara inapofanya hivyo inakwangua ukuta wa silinda, mpaka siku ikamatane moja kwa moja. Baadhi ya mashine zina king'ora cha joto, nyingi zilizoko huku hazina au kilishakatwa waya.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mfuko wa plastiki au majani kuziba tundu la kunyonyea maji kule chini. Mashine ikizima, mfuko unaachia na kuelea zake, ndiyo maana watu hawaupati. Delta ya Rufiji inashusha majani ya kutosha. Cha pili ni impela ya pampu ya maji. Mabawa yake ni mpira, yakipita kwenye mchanga yanalika, na boti yako inapita mafungu kila siku. Impela ya boti ya kazi ibadilishwe kila mwaka bila kusubiri ife. Cha tatu ni chumvi kwenye mashimo ya kupozea, kwa anayemaliza safari bila kuosha mashine kwa maji baridi (yasiyo na chumvi).

Kuhakiki: mwaga matone mawili ya maji juu ya kichwa cha silinda. Yakichemka papo hapo, imezidi joto. Lakini usimwage ndoo, chuma cha moto kikipigwa maji mengi kinapasuka. Iache dakika ishirini, safisha tundu, washa, tazama mchirizi. Usipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Na ukitoka, nenda kwa robo ya moto tu.

#10 Mwana_wa_Siu

Kutoka Lamu, salamu. Kuna sababu ya nne mmeipita. Petroli ya madumu. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi. Kwenye maji tulivu ya mlangoni mashine inavuta petroli safi, ukifika nje boti ikianza kurushwa maji yanachanganyika na kuingia kwenye kabureta. Inakohoa, inazima. Ukisimama yanatulia chini, inawaka. Mtu anafikiri ni dakika ishirini, kumbe ni umbali wa kufika penye mawimbi.

Kipimo: mimina ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iweke kivulini dakika tano. Ukiona mstari na tabaka chini, umemaliza. Tumia chujio la kutenganisha maji, lile la kopo lenye bakuli la kuona, na ulitoe maji kila asubuhi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani kwa chupa. Hayo mashine inagonga na kupata joto, unarudi kwa ChumviNyeupe.

#11 NgamaKavu

Asanteni, mmenipa kazi. Majibu kwa ufupi: kizibo ni kipya na skrubu hufunguliwa kabla ya kuondoka. Mchirizi upo, lakini hakuna aliyekuwa akiutazama wakati ule wa kushuka. Pampu ya mkono baada ya kuzima huwa ngumu nusu, si bapa si kamili. Kipima moto hatuna. Chupa itafanyika.

Lakini naona kila fundi anataka mashine ipimwe ikiwa imezima, na Kojani anataka nanga. Watu ni wawili tu kwenye boti, nahodha na msaidizi, pamoja na abiria.

#12 Nyanza_Kaskazi

Watu wawili wanatosha, gawa kazi nchi kavu kabla ya safari. Msaidizi: omo, nanga au nanga ya maji, bila kuuliza. Nahodha: anabaki tezi, anapiga pampu ya mkono, anatazama kamba ya kuzimia mashine na gia. Abiria: wanakaa CHINI sakafuni, katikati, wanavaa maboya kama hawajavaa. Abiria wakisimama kutazama mashine, boti ya futi 23 inapoteza utulivu kuliko wimbi lolote linavyoweza kuitikisa. Hilo ndilo agizo la kwanza kutoka mdomoni kwa nahodha, kabla ya nanga na kabla ya spana.

#13 BandariNdogo

Naunga #12. Tena kabla hujafungua kofia, angalia klipu ya kamba ya kuzimia. Ikichomoka hata nusu, mashine haiwaki hata uvute mpaka usiku. Mtu akiigonga kwa goti anafungua kabureta bure.

Na mkivuta mpaka kamba ya kuwashia ikakatika: toa kofia, toa kile kifuniko cha kamba juu ya gurudumu, funga fundo kwenye kipande cha kamba, ingiza fundo kwenye pengo la gurudumu, zungusha kufuata mshale, vuta. Sharti GIA IWE KATIKATI. Ukiwasha kwa njia hii kile kizuizi cha kutowaka ndani ya gia hakifanyi kazi, boti itaruka na mtu ataanguka. Na usirudishe kofia wakati gurudumu linazunguka. Nywele, kanga na mikono ikae mbali.

#14 Pweza_wa_Jambiani

Kwa kuwa mmetaja mtu kuanguka. Uzi unazungumzia mashine kuzima, lakini mashine inayowaka ndiyo inayokata watu. Mtu akianguka kulia, sukuma omo iende kulia, upande wake, ili tezi na propela zimkimbie. Gia katikati mara moja. Mtu mmoja anyooshe mkono kumwonyesha na asiondoe macho kwake hata kidogo. Kwenye mawimbi ya mita moja kichwa kinapotea ndani ya sekunde chache.

Tupa chochote kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo linabeba karibu kilo 20, na mtu mzima anahitaji kilo tano hadi saba tu kuweka kichwa juu. Halafu mrudie ukitokea joshini (upande upepo unakotoka), boti isukumwe na upepo kumfuata, imkinge upepo, uzime mashine kabisa ukiwa jirani yake.

#15 Kojani_Mmoja

Hapana, usimrudie kwa joshini na boti ndogo. Wimbi linamsukumia ubavu, ukikosea kidogo boti inampanda. Mrudie ukitokea demani, omo ikitazama upepo, polepole. Ukikosea, upepo unakurudisha nyuma, humgusi, unajaribu tena.

#16 Pweza_wa_Jambiani

Ukitokea demani upepo unakutenganisha naye, unafika umbali wa mita mbili kisha unaondoka, na yeye ameshachoka kuogelea. Mtu mwenye nguvu atashika kamba. Aliyezimia hatashika. Kwa aliyezimia, joshini.

#17 Kojani_Mmoja

Na kusi cha saa nane mchana? Bado demani, na mtu wa omo awe na kamba ya mita 15 yenye dumu mwishoni. Unamzungushia kamba kama wavuta watu wa kuteleza majini, inamfikia yeye bila boti kumfikia.

#18 ChumviNyeupe

Nyote mmesahau kumpandisha. Boti ya faiba yenye ukingo mfupi, watu watatu wakikimbilia ubavu mmoja kumvuta mtu aliyelowa, mnaingia wote. Wawili wavute, waliobaki waende upande wa pili. Mashine imezimwa, mpandishe karibu na tezi kwa pembeni, si juu ya propela. Kama hana nguvu, piga kitanzi cha kamba, ning'iniza mpaka chini ya maji, akanyage kama ngazi.

#19 Mwana_wa_Siu

Sasa mawasiliano, maana mashine ikikataa kabisa, mtu wa kuja anahitaji kujua uko wapi.

Redio ya mkononi ya VHF, chaneli 16. Boti kwa boti inafika maili tatu hadi tano za baharini tu kwa sababu antena yako iko karibu na maji. Kituo cha pwani chenye mnara kinakusikia mbali zaidi. Kwa hiyo simama, inyanyue wima. Mashine imezima lakini hakuna hatari ya papo hapo, ni Pan-Pan mara tatu. Boti inazama, inaungua au mtu kapotea majini, ni Mayday mara tatu. Kisha jina la boti, mahali, tatizo, idadi ya watu. Kenya kituo cha uokoaji cha kanda kiko Mombasa. Tanzania kipo Dar es Salaam, chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania).

Simu: ndani ya mfuko wa kuzuia maji, na tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ujumbe unapenya penye mnara mmoja unaoyumba, mazungumzo hayapenyi. Na hapa wengi wanapotea: sema namba zako ni za nyuzi na desimali au nyuzi na dakika. 7.50 ni nyuzi 7 na dakika 30. Mtu akiisoma kama nyuzi 7 na dakika 50, amekosea dakika 20, yaani maili 20 za baharini, kilomita 37. Boti ya uokoaji itakwenda kutafuta maji matupu.

#20 BandariNdogo

#19 hapo kwenye namba umegusa penyewe. Andika pia majina: "kusini magharibi mwa Kilindoni, tunaona minara miwili ya simu". Wavuvi wa jirani wanafika kabla ya chombo cha serikali, na wao wanatafuta kwa majina.

#21 Kigoma_Ujiji

Ninyi wa pwani mna mawimbi marefu. Ziwa Tanganyika kina kinapita mita 1,400, nanga hata usiitaje ukiwa mbali na ukingo. Kusi cha Juni hadi Agosti kinavuma kufuata urefu wa ziwa, kilomita mamia bila kizuizi, mawimbi yanakuwa mafupi na ya kusimama wima. Boti iliyozima inahitaji makasia mawili, si moja. Huu uzi mzima hakuna aliyetaja kasia! Makasia mawili ya mita mbili na watu wanne wa kupokezana wanaishika boti uso kwa wimbi muda mrefu, na ukiwa umbali mdogo na ufuko wanakufikisha.

#22 Nyanza_Kaskazi

#21 makasia sawa, lakini kwenye dhoruba za usiku za huku kwetu hayasaidii. Upepo wa nchi kavu unakutana katikati ya ziwa usiku kucha, radi zinaanza kabla ya alfajiri. Nanga ya maji na kufua maji. Kila boti iwe na upo mmoja (chombo cha kufulia maji) na ndoo moja. Pampu ya umeme inazibwa na uchafu wa ngama (maji ya chini ya boti) ndani ya dakika mbili.

#23 Pweza_wa_Jambiani

Na ikipinduka, kaeni na boti. Faiba yenye povu au mbao haizami mara moja. Hesabuni watu kwa sauti, kila mtu ataje jina lake. Wasioogelea wapande juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), wengine washike kamba pembeni. Ufuko unaoonekana karibu ukiwa usawa wa maji uko mbali mara mbili. Maji ya nyuzi joto 26 pia yanapoza mwili, ndani ya masaa mengi mtu anatetemeka na kuchanganyikiwa. Mkae mmekumbatiana, magoti kifuani, nguo zibaki mwilini.

#24 FundiKofia

Mashine iliyozama kwenye maji ya chumvi isikae ikikauka hewani. Ikitoka tu: osha yote kwa maji baridi, toa plagi, igeuze matundu chini, vuta kamba maji yatoke, toa maji yote kwenye kabureta, tia oili kwenye silinda, washa siku hiyo hiyo, bora ndani ya masaa mawili. Isipopatikana nafasi hiyo, iache ndani ya pipa la maji baridi mpaka fundi afike. Lakini kama ilizama ikiwa inazunguka na sasa kamba haivutiki au inakwaruza, usilazimishe, fito la pistoni limepinda.

#25 Koili_na_Plagi

Kwa hiyo mmekimbia mashine ya mwenye uzi. Narudi: NgamaKavu, pampu "ngumu nusu" haimhukumu FundiKofia wala hainiachi huru mimi. Weka kipima moto, sogeza kioo kidogo nyuma uone mchirizi, mtu mmoja mkono kwenye pampu. Vyote vitatu kwa wakati mmoja, karibu na Nyamisati, maji yakiwa yamejaa.

#26 ChumviNyeupe

Ongeza na kipimo cha tangi la pili. Weka dumu jingine lenye mafuta kutoka kituo kingine na mpira mwingine. Ikipita nusu saa bila kushuka, upande wa mafuta umeshikwa. Ikishuka vile vile, tufungue pampu ya maji. Na mchanganyiko uwe mmoja, nusu lita ya oili kwa lita 25 kama kitabu cha mashine yako kinasema 50 kwa 1. Watu wanapunguza oili kuokoa pesa, halafu wanaita fundi wa koili.

#27 NgamaKavu

Chupa imefanyika: hakuna tabaka, ila kuna chembe nyekundu chini zinazofanana na kutu. Tangi ni la plastiki.

#28 FundiKofia

Basi kutu inatoka kwenye pipa la muuza mafuta. Fungua chujio dogo lililo chini ya kofia na bakuli la kabureta, piga picha weka hapa. Chembe zinavutwa kwenye jeti (tundu dogo la mafuta ndani ya kabureta) kwa moto wote, ikizima zinaanguka chini. Dakika kumi, inawaka.

#29 Koili_na_Plagi

Au ni unga wa mpira wa ndani ya bomba unaochakaa. Sumaku ndogo itakwambia kama ni chuma. Na kipima moto bado hakijanunuliwa.

#30 BandariNdogo

Wakati mnasubiri picha: boti isitoke na abiria mpaka ipimwe, na siku ya kupima iende na boti ya pili yenye kamba ya kuvutia ya mita 30. Kamba ishikwe kwenye pete ya omo, mashine ya boti inayovutwa inyanyuliwe, watu wakae nyuma omo liwe jepesi, mwendo wa kutembea. Mtu asikae kwenye mstari wa kamba, ya nailoni ikikatika inarudi na kuvunja mfupa.

#31 Kojani_Mmoja

Na nanga ikae omo, imefungwa mwisho wake.

#32 NgamaKavu

Picha ya chujio nitaweka Jumamosi. Nani ana namba ya kipuri cha impela ya HP 40 ya kuchanganya oili, na anajua duka la Dar lenye mpira halisi?